Mzee Asisogezwe

Katika nyumba ya dobi walikuwamo wazee wawili. Wa kwanza alikuwa baba mkwe wake, mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kufukuzia mbwa. Wa pili alikuwa wa chuma.

Huyu wa chuma alikuwa na tumbo nene, shingo nyembamba, na upara uliong'aa kwa kushikwashikwa. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ubao, na chini ya ubao zikikaa kola za mashati ya watu, zimelowa wanga, zikinyooka taratibu. Dobi alipoolewa alikikuta kitu hicho kwenye kona ya chumba cha kupigia pasi, akamwuliza baba mkwe ni nini. "Ni uzito," akajibiwa. Jibu hilo lilimtosha, kwa sababu uzito ndio uliokuwa ukitakiwa. Na kwa kuwa chenyewe kilikuwa na upara, kimekaa kona moja, na hakuna aliyethubutu kukihamisha, akakiita Mzee. Jina likashika. Kwa sarufi ya shuleni chuma ni hiki na hicho, lakini katika nyumba ile kilikuwa huyu na yule. "Niletee Mzee." "Mgeuze Mzee, amelalia ubavu." Baba mkwe mwenyewe nyumbani aliitwa Baba, au Babu na mjukuu wake, kwa hiyo hakuna aliyechanganyikiwa. Mtaani ndiko alikoitwa Mzee, ila mtaani hawakunyoosha kola.

Mumewe dobi alikuwa kinyozi. Wanasema akili ni nywele na kila mtu ana zake. Kinyozi aliamini kwamba kwa jinsi alivyonyoa watu miaka yote ile, akili za mtaa mzima zilikuwa zimebaki kwake. Mteja wake mmoja, fundi wa mitambo ya kivuko, alimpa nafasi nne za kwenda kisiwani na kurudi. Kisiwa hicho kilipigwa vita kikahamwa, na sasa kilikuwa kimefunguliwa kwa wageni. Unavuka asubuhi, unatazama kuta zilizotobolewa, unakula chakula chako kivulini, alasiri unarudi kwako ukiwa umeshukuru Mungu kwa amani.

"Baba, si ndiko ulikotoka?" kinyozi alimwambia. "Twende ukatuonyeshe."

"Nimeshakiona," alijibu mzee. "Enzi zangu hakikuwa na kiingilio."

Basi nafasi ya nne likapewa kapu la chakula.

&nbsp;

Asubuhi ya safari dobi alikuwa akimalizia shati moja la mwisho. Mpini wa pasi ya mkaa ukamchoma kiganja, naye akafanya kama alivyozoea kila mpini ulipomchoma: akaitua pasi, yenye moto wake wote, juu ya tumbo la Mzee wa chuma, akapuliza vidole.

"Ondoa moto hapo!" baba mkwe alifoka kutoka kwenye kiti chake. "Mara ngapi niseme? Usimwekee moto!"

"Baba, ni chuma. Chuma hakiungui."

"Nimesema usimwekee. Hujui kitu."

Ugomvi huo ulikuwa na umri sawa na ndoa. Kwa kawaida ulikuwa ukipita kama mvua ya jua: mzee analipuka, dobi anaondoa pasi huku akisonya chinichini, na kabla chai haijapoa wote wamesahau. Lakini siku hiyo dobi alikuwa na haraka, kiganja kilimwuma, na siku nzima ya mapumziko ilikuwa ikimngoja mlangoni. Akamgeukia.

"Humu ndani mna wazee wawili," alisema. "Mmoja anafanya kazi tangu alfajiri na hasemi neno. Mwingine anakula na kupiga kelele."

Kinyozi, ambaye mdomo wake ulifunguka pamoja na duka na kufungwa pamoja na duka, ghafla akaona kwamba kamba ya kiatu chake inahitaji kufungwa upya. Binti yao, msichana wa sekondari aliyekuwa hodari wa kusahihisha Kiswahili cha wenzake, akatazama dari. Dobi mwenyewe alijua amevuka mpaka. Aliyatazama maneno yake yakienda na hakuwa na namna ya kuyaita yarudi.

Kama mzee angelipuka, ingekuwa afadhali. Hakulipuka. Aliketi vizuri kitini, akaweka mikono magotini.

"Nendeni mkatembee," alisema.

Ndipo wakaenda.

&nbsp;

Kwenye kivuko kinyozi aliwaeleza abiria wa benchi zima jinsi vita ile ilivyokwenda, nani alitokea upande gani na makosa yake yalikuwa nini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Kumbe ulikuwepo, kaka?"

"Sikuwepo. Ila nina mteja alikuwepo."

"Ahaa," alisema yule mama, akageuka kutazama maji.

Binti alicheka mpaka akapaliwa na mkate. Dobi hakucheka. Aliliweka kapu mapajani akawa anafikiria namna ya kuomba msamaha bila kuomba msamaha. Angeweza kumnunulia baba mkwe kitu. Angeweza kumchemshia chai ya maziwa mengi na kuiweka mbele yake bila neno. Angeweza pia kusema tu, "Baba, nilikosa," lakini njia hiyo ilikuwa fupi mno na ndiyo maana ilimtisha.

Kisiwani walipokewa na mtembeza wageni, mwanamke mnene mwenye kofia ya majani na kipaza sauti cha mkononi. Kola yake ilikuwa imepigwa pasi upande mmoja tu, na dobi hakuweza kuacha kuitazama. Walipita mtaa mmoja ambao nyumba zake zote zilikuwa na milango lakini hazikuwa na mapaa. Kuta zilikuwa na mashimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Shuleni, ubao ulikuwa ukutani bado, na juu yake mti mwembamba ulikuwa umepitisha tawi kama mwanafunzi anayetaka kujibu. Watu wakapunguza sauti zao. Hata kinyozi alinyamaza kwa muda, kisha ikamshinda.

"Nadhani hapa waliingilia kwa upande wa nyuma," alisema kwa nguvu, "kwa sababu mtu yeyote mwenye akili za kivita..."

"Asante, mwalimu," mtembeza wageni alimkata kwa kipaza sauti.

"Mimi ni kinyozi."

"Nilidhani."

Wageni wakacheka, na kinyozi akacheka pamoja nao ili aonekane yumo. Masikio yake yalikuwa yamewaka.

&nbsp;

Chumba cha mwisho kilikuwa cha kufulia. Hapo dobi akasahau kapu, akasahau mume. Kulikuwa na birika ndefu za mawe, zenye mteremko wa kusugulia, na ukutani pete za chuma za kufungia kamba. Alipitisha mkono kwenye ukingo wa birika moja akakuta sehemu iliyolika, pale ambapo tumbo la mfuaji huegemea. Kwake nyumbani, karo lake lilikuwa limelika vilevile. Kazi yenyewe alifundishwa na baba mkwe. Ndiye aliyemwonyesha kupima wanga kwa ncha ya kidole, na kunyoosha kola kwa uzito kabla ya kuipiga pasi, ikae hata mwenye shati akilala nayo. Hakuwahi kumwuliza yeye alifundishwa wapi. Alidhani watu kama baba mkwe huzaliwa wanajua.

"Hapa," alisema mtembeza wageni, "vijana wanne walikuwa wakilifulia jeshi. Walilala humuhumu, sakafuni. Usiku mmoja kombora liliingia kwa juu. Tazameni tundu lile."

Watu wote wakainua nyuso. Tundu lilikuwa pale darini, na anga lilipita ndani yake bila wasiwasi.

"Likaanguka katikati yao. Halikulipuka. Asubuhi watu wote wakahamishwa kutoka kisiwani, na kombora lile halikuonekana tena mpaka leo. Wataalamu walikuja na mashine zao wakatafuta hadi mitaroni. Mpaka leo ni kitendawili. Lilikuwa la aina hii."

Akafunua kitambaa kilichokuwa juu ya meza. Kulikuwa na kitu chenye tumbo nene, shingo nyembamba na upara.

"Hili limetolewa vitu vyake vya ndani, msiogope. Lakini mengine huko porini bado ni mazima. Tena miaka haiyatulizi, inayazidishia hasira. Ukiona kitu kama hiki usikiguse, usikisogeze, na usikikaribishe moto hata kidogo."

"Mama," binti alinong'ona. "Mzee."

Dobi alikuwa amekwishaona. Alikiona kitu kilichokuwa mezani, kisha akakiona kiganja chake, kisha akaiona pasi ya mkaa ikitua, jana, juzi, mwaka uliopita, miaka yote, puu, juu ya tumbo lile. Akaketi ndani ya birika ya mawe.

"Huyu ana mkia," kinyozi alisema kwa sauti ambayo wateja wake hawakuwahi kuisikia. "Wetu hana mkia."

"Mkia hukatika likianguka," alisema mtembeza wageni. Halafu akaushusha mkono wenye kipaza sauti. "Wenu?"

"Wetu wa... kwenye picha," kinyozi alisema. "Tuna picha."

"Usimsikilize," dobi alisema kutoka birikani. "Dada yangu, lile mlilolitafuta mitaroni liko kwangu. Linanyoosha kola."

Mama mwenye mtoto mgongoni alirudi nyuma hatua kadhaa, kana kwamba familia yenyewe ingeweza kulipuka.

"Na liko na nani sasa hivi?" aliuliza mtembeza wageni.

Dobi alifungua mdomo. Jibu lilikuwa jepesi, lakini lilichukua muda kutoka, kwa sababu lilikuwa limekaa mahali palepale palipokuwa na maneno ya asubuhi.

"Liko na baba," alisema. "Nimemwacha naye. Wako wawili tu."

&nbsp;

Kivuko kilikuwa hakirudi mpaka alasiri. Kisiwani palikuwa na mahali pamoja tu pa kushika mtandao, juu ya kilima, ambapo mzinga wa zamani ulikuwa bado umeelekeza mdomo wake baharini. Walipanda mbio. Kinyozi alikuwa na simu lakini haikuwa na salio. Jambo hilo alilieleza kwa maneno mengi, mpaka mtembeza wageni akampa yake ili tu anyamaze. Mzee hakuwa na simu. Aliyekuwa nayo ni jirani wa mbele, Mama Mkaa, na namba yake dobi aliijua kwa kichwa kwa sababu ndiye aliyemwuzia mkaa wa pasi.

"Haloo! Mama Mkaa? Ni mimi, dobi."

"Mwenzangu! Huko kisiwani mkaa umewaishia?"

"Sikiliza. Mzee asiguswe."

"Nani?"

"Mzee! Asiguswe, asisogezwe, na moto usimkaribie kabisa. Anaweza kulipuka."

"Aa, hilo si tunalijua? Leo tu amemlipukia mwanangu kwa sababu ya mpira."

"Usifanye mzaha, Mama Mkaa. Anaweza kuua watu!"

"Jamani," alisema Mama Mkaa, taratibu. "Kumbe imefikia huko. Basi nimekuelewa, dada. Niachie mimi."

"Na Baba mmtoe nje haraka, msimwache mle ndani," dobi alisema, lakini simu ilikuwa imekwishakatika. Mtembeza wageni akaijaribu tena, akaiinua juu, akaizungusha. Haikurudi. Akasema atashuka kwa askari wa kisiwa, wao wana redio, wawaite wataalamu wa mabomu, na dobi akamwelekeza nyumba kwa makini: mtaa, rangi ya mlango, kamba za nguo.

"Angalau Mama Mkaa amenielewa," alisema akijifuta jasho.

Kivuko kilipong'oa nanga, kinyozi alikaa karibu na mkewe akamshika mkono. Hakueleza kitu, na kwa kinyozi hilo lilikuwa tendo kubwa la mapenzi. Binti ndiye aliyekuwa hatulii. Aliuma kucha, akamtazama mama yake, akatazama maji.

"Mama," alisema mwishowe, "ulimwambia 'asisogezwe'."

"Ndiyo. Asisogezwe."

"Ulitakiwa kusema 'lisisogezwe'. Au 'kisisogezwe'. Kombora, lisisogezwe. Chuma, kisisogezwe. Ukisema 'asisogezwe'..."

"Sasa hivi unanifundisha sarufi?"

"Mama, Mama Mkaa hamjui Mzee wetu. Yeye anamjua Babu. Kwake Mzee ni Babu."

Dobi alimtazama binti yake. Kisha akayapitia maneno yake moja moja, kama mtu anayepekua mifuko ya suruali kabla ya kuiloweka. Mzee asiguswe. Asisogezwe. Anaweza kuua watu. Hakuwa amemwokoa baba mkwe. Alikuwa amempigilia misumari kitini, pembeni ya kombora.

Akajifunika uso kwa kanga akalia waziwazi, mbele ya abiria wote, na hakujali. Wala hakuwa akililia nyumba, wala mashati ya watu. Alikuwa akililia kwamba kama kitu kile kitalipuka, neno la mwisho ambalo yule mzee alilisikia kutoka kinywani mwake ni kwamba anakula na kupiga kelele.

&nbsp;

Mtaa ulikuwa umesimama nje. Watu walijaa upande wa Mama Mkaa wa barabara, wengine na viti vyao, na mbele yao Mama Mkaa mwenyewe alikuwa amekunja mikono kifuani kama mlinzi wa benki.

"Tumemdhibiti," alisema alipomwona dobi. "Ulivyosema ndivyo tulivyofanya. Hajaguswa, hajasogezwa. Alikuwa ameshawasha mkaa, anataka kupiga pasi, tukauchukua wote. Hata chai tumemnyima, maana chai nayo ni moto. Mara tatu ametaka kutoka, tumemrudisha kwa maneno tu. Lakini dada, ugonjwa wenyewe ni nini? Maana matusi anayo, ila ya kuua sijayaona."

"Kaeni mbali," dobi alisema. "Zaidi. Nendeni mpaka kule kona."

"Mke wangu, ngoja," kinyozi alisema. "Tuwasubiri wataalamu. Kitaalamu, mtu hatakiwi..."

Lakini dobi alikuwa ameshavuka barabara. Kinyozi alimfuata mpaka mlangoni, akasimama pale, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na tusimcheke. Wengi wetu tungeweka yote miwili nje.

Mzee alikuwa kitini, wima, mikono magotini, kama walivyomwacha asubuhi. Ila chumba hakikuwa kama walivyokiacha. Nguo za wiki nzima zilikuwa zimefuliwa na kuanikwa uani. Sufuria ya wanga ilikuwa imeoshwa na kufunikwa. Na kwenye kona, juu ya ubao, Mzee wa chuma alikuwa amekalia kola nyingi kuliko alizowahi kukalia kwa siku moja, zimepangwa safu kwa safu, kingo kwa kingo, kama dobi mwenyewe alivyofundishwa kuzipanga.

"Nani amesema nisisogezwe?" mzee aliuliza. Sauti ilikuwa ya kufukuzia mbwa, lakini macho yalikuwa ya mtu aliyekaa nusu siku akijiuliza amekosa nini. "Nimewekwa hapa kama picha. Haja ndogo imenibana tangu adhuhuri. Nauliza, wananiambia ni amri ya mkwe wako, anasema wewe ni hatari. Mimi, hatari?"

"Si wewe, Baba."

"Ni nani basi?"

Dobi alinyoosha kidole kuelekea kwenye kona. Mzee alikifuata kidole kwa macho.

"Umefika chumba cha kufulia," alisema.

"Nimefika. Nimeona tundu."

"Birika bado zipo?"

"Zipo. Ya mwisho, ya dirishani, imelika ukingo."

"Hiyo ilikuwa yangu," alisema mzee.

Mlangoni kinyozi aliguna. "Baba! Ulijua hili ni bomu, ukatuweka nalo miaka yote hii?"

"Nilijua halikulipuka. Askari mmoja aliniambia limekufa."

"Alilipima?"

"Alilitazama. Ila alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara." Mzee akamgeukia dobi. "Tulikuwa wanne mle ndani, mwanangu. Lilianguka hapa, mimi niko hapa. Tukalitazama na lenyewe likatutazama mpaka kukakucha. Asubuhi wenzangu wakakimbia. Mimi nikasema, kitu kimetumwa kuniua kikakataa, nitakiachaje njiani? Nikakifunga kwenye shuka la jeshi. Na nilikuwa sina uzito wa kola."

"Na mimi naliwekea pasi ya moto."

"Na mimi napiga kelele," alisema mzee.

Hapo dobi akapiga magoti mbele ya kile kiti. Hakuona haja tena ya chai ya maziwa wala zawadi. "Baba, nilikosa," alisema. "Asubuhi nilikosa sana. Nilidhani nitakufa na lile neno mdomoni."

"Hukukosa sana. Ulikosa hesabu tu. Nami nafanya kazi." Akaonyesha safu za kola kwa kidevu. "Ila ungeniuliza, ningekwambia. Niliogopa kusema bila kuulizwa. Nilijua ungelitupa, na mimi pamoja nalo."

"Lile ningelitupa," dobi alisema. "Wewe uko mzito mno."

Mzee alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka mpaka haja ndogo ikamkumbusha hali yake. "Ninyanyue," alisema. "Upesi. Hapa kweli patalipuka."

Dobi alimshika upande mmoja. Kinyozi akautazama mguu wake uliokuwa nje, akauingiza ndani pamoja na mwenzake, akamshika upande wa pili. Walitoka hivyo, watatu, polepole, na mtaa mzima ukapiga makofi pasipo kujua unashangilia nini.

&nbsp;

Wataalamu walikuja na gari na makoti mazito. Walimpakia Mzee wa chuma katika sanduku la mchanga, taratibu, kwa heshima ambayo hakuwahi kupewa katika maisha yake ya kazi. Mkubwa wao, kijana mwenye miwani, alimwuliza dobi kitu hiki kilikuwa kikitumika kwa kazi gani, naye akamweleza yote, hata habari ya pasi. Kijana alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kila siku?" aliuliza.

"Jumapili tunapumzika."

Walimpeleka katika machimbo ya mawe nje ya mji. Kabla jua halijazama ulisikika mshindo mmoja. Bati zikatetemeka, mbwa wakabweka, na vumbi likadondoka kutoka darini kwa Mama Mkaa. Hapakuwa na mtu wa kuuliza tena kama alikuwa hai au mfu. Watu wakamtazama dobi, na dobi akakitazama kiganja chake. Baba mkwe alikuwa amesimama na kofia mkononi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alisema tu kwamba alikuwa mtu mwema yule, kumbe uwezo alikuwa nao siku zote.

Asubuhi iliyofuata kazi ilikuwa palepale. Dobi alizipanga kola upya, akalaza ubao juu yake, akatafuta uzito. Jiwe la mlangoni lilikuwa na pembe, likainamisha ubao upande mmoja. Ndoo ya maji ikamwagika. Kinyozi alikuwa na mapendekezo mengi, akaambiwa akafungue duka. Dobi akasimama katikati ya chumba, pasi mkononi, mpini umeanza kumchoma, akiitazama ile kona tupu.

Baba mkwe aliinuka kitini. Akaja polepole, akaujaribu ubao kwa mkono, akajigeuza, akaukalia. Akajiweka sawa kushoto, akajiweka sawa kulia, mpaka ubao ukatulia.

"Niletee chai," alisema. "Na usinisogeze."

"Sithubutu, Mzee," alisema dobi.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akaitua pasi sakafuni, mbali naye, akaenda kuchemsha maji.